Bendi Ilipokuwa Mali ya Wanachama

Morogoro ya mwaka 1964 ilikuwa na bendi mbili kubwa na swali moja kila ikifika Jumamosi jioni: leo unakwenda kwa nani? Upande mmoja walikuwapo Cuban Marimba wa Salum Abdallah Yazidu, ambaye wapenzi wake walimwita kwa herufi tatu za majina yake, SAY. Upande wa pili walikuwapo Morogoro Jazz, wakongwe kwa miaka minne, ambao katikati ya muongo huo walimpokea kijana aliyeacha masomo ili apige gitaa, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Mji wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa na stesheni ya Reli ya Kati, soko, mashamba ya mkonge yaliyouzunguka na milima ya Uluguru mgongoni. Lakini katika mji huo mdogo, mji kasoro bahari, zilikaa bendi mbili ambazo nyimbo zake zilivuka mpaka na kuimbwa Nairobi na Mombasa, na ambazo hadi leo hazijapata mfano katika miji yetu mingine ya ukubwa ule.

Ilikuwaje? Jibu la haraka ni vipaji, na ni kweli SAY na Mbaraka walikuwa na vipaji visivyo na ubishi. Ila kipaji peke yake hakinunui tarumbeta. Hakilipi kodi ya nyumba ya kufanyia mazoezi, hakikodi lori la kuipeleka bendi Kilosa, wala hakimtunzi mpiga besi anapougua. Yote hayo yalifanywa na klabu.

Leo tunapotaja Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz au Atomic Jazz ya Tanga, tunazitaja kama majina ya redioni, sauti za zilipendwa za Jumapili. Tunasahau kwamba nyingi kati ya bendi hizo zilianza kama klabu kwa maana kamili. Zilikuwa na wanachama, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Zilikuwa na ada na kanuni, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Mpiga gitaa hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alikuwa mwanachama mwenye kazi yake ya mchana, karani wa ofisi, fundi cherehani, kuli wa bandarini, mfanyakazi wa reli, na gitaa aliloshika jukwaani usiku lilinunuliwa kwa michango ya wenzake na fedha za viingilio. Naamini siri kubwa ya muziki ule imelala hapo, na sababu ya kuanguka kwake pia imelala hapohapo.

Dar es Salaam Jazz ndiyo mama. Inatajwa kuzaliwa mwaka 1932, na ukiutazama mwaka huo pamoja na majirani zake utaona jambo. African Association, chama kilichokuja kuwa TAA na baadaye kuzaa TANU, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Klabu ya Yanga inahesabu umri wake kuanzia 1935, na Simba kuanzia 1936. Katika miaka ile michache, vijana wa mitaa ya Kariakoo na Ilala walijifunza kitu kimoja kwa njia tatu: kukaa mezani, kuchagua viongozi, kuandika majina kwenye daftari na kuchanga. Wengine walichanga kwa ajili ya siasa, wengine kwa ajili ya mpira, wengine kwa ajili ya dansi, na mara nyingi ni watu walewale. Serikali ya kikoloni iliwanyima kiti katika mambo ya nchi yao. Kwenye klabu walikuwa na viti vyao wenyewe.

Hawakuanza kutoka sifuri. Kabla ya dansi kulikuwa na beni, ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa hadi bara kwa njia ya askari na makarani, ikiiga gwaride na matarumbeta ya majeshi ya Wazungu. Vikundi vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo, sare na ushindani mkali kutoka mji hadi mji. Marini wa Dar es Salaam alipofika ugenini Tanga alipokewa na Marini wenzake, akapata pa kulala na wa kumzika. Klabu za jazz zilirithi utaratibu huo wa udugu, zikabadilisha vyombo. Kwenye matarumbeta zikaongeza banjo, mandolini na gitaa kavu.

Muziki wenyewe nao ulitoka mbali. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kuuza Afrika sahani za santuri zenye herufi GV, nyingi zikiwa na rumba na son za Kuba. Sahani hizo zilifika bandarini Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, na masikio ya watu wetu yakazitambua mara moja, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na ngoma iliyoondoka Afrika ikarudi. Vita Kuu ya Pili ilipowachukua maelfu ya vijana kwenda kupigana katika jeshi la King's African Rifles (KAR), hadi Burma, waliorudi walirudi na nyimbo, na wengine na ujuzi wa kupuliza ala. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, vita vikiwa bado havijaisha. Miaka minne baadaye, SAY, kijana wa mjini hapo aliyezaliwa 1928, alianzisha bendi aliyoiita La Paloma. Baadaye akaibadilisha jina kuwa Cuban Marimba, na huhitaji kuuliza mapenzi yake yalikuwa wapi.

Miaka ya 1950 miji ilijaa wageni, na hapa ndipo klabu zilipopata nguvu yake halisi. Mtu aliyetoka Nzega au Tabora kuja Dar es Salaam kutafuta kazi alifika kwenye jiji lisilomjua. Hakuwa na mjomba wa kumsemea wala shangazi wa kumpikia. Mwaka 1959 watu wa magharibi waliokuwa Dar es Salaam, Iddi Nhende akiwa mbele yao, walianzisha Western Jazz. Mwaka mmoja kabla, Ahmed Kipande alikuwa ameanzisha Kilwa Jazz, na huna haja ya kuelezwa upande wa watu wake. Rufiji nao walikuwa na Rufiji Jazz. Tanga, mji wa mkonge uliovuta vibarua kutoka kila kona ya Tanganyika, ulikuwa na Young Nyamwezi, bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Jamhuri Jazz. Jina la klabu lilimwambia mgeni pa kugonga hodi. Humo alisikia lugha ya kwao na alipata habari za nyumbani. Alipofiwa, palitokea sanda na watu wa kubeba jeneza.

Wapo wanaodhani klabu za namna hiyo zilikuwa mbegu ya ukabila. Mimi naona kinyume. Western Jazz ilipopanda jukwaani iliimba Kiswahili, na aliyekuja kucheza hakuulizwa kwao ni wapi, aliulizwa kiingilio. Wapiga vyombo nao walihama bila kizuizi. Muhidin Maalim Gurumo, mmoja wa waimbaji wakubwa kuliko wote tuliopata kuwa nao, alipita Rufiji Jazz na Kilwa Jazz kabla ya kufika alikofika. Katika ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Mnyamwezi, Mzaramo, Mmakonde na Mluguru walicheza kwenye sakafu moja. Nchi ilikuwa inajizoeza kuwa nchi.

Na wanasiasa waliliona hilo. TANU ilipotaka kuwafikia wanawake wa Dar es Salaam mwaka 1955, haikuanza na mikutano ya hadhara. Bibi Titi Mohamed, mwenyewe akiwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, alizunguka kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, na wanachama wakafurika kwa maelfu katika miezi michache. Vikundi vilikuwa tayari vina daftari, vina mwenyekiti anayesikilizwa, vina desturi ya kuchanga. Chama cha siasa kiliikuta kazi ya kuwaunganisha watu imeshafanywa na wacheza ngoma.

Usiku wa dansi ulikuwaje? Kazi ilianza mchana. Vyombo vilitolewa kwenye nyumba ya klabu, ngozi za tumba zikakazwa, nyaya za magitaa zikabadilishwa kama kulikuwa na za kubadilishia. Kama hakukuwa, waya uliokatika uliungwa. Watoto wa jirani walijua ratiba ya mazoezi kuliko wanachama, na waliobanana dirishani mchana ndio waliokuwa wakipiga chabo kwenye ua wa ukumbi usiku. Milango ikifunguliwa, mweka hazina alikaa na sanduku la kiingilio, na karibu naye mwanachama mwenye kifua. Wanaume walivaa suti na tai, wanawake magauni yaliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Klabu nyingi zilikuwa na sare za wapigaji, nao walizitunza kwa wivu.

Bendi haikuanza na nyimbo zake kali. Ilianza taratibu, ala tupu, watu wakinunua vinywaji na kutazamana. Kisha mwimbaji anaingia. Wimbo wa dansi wa enzi hiyo ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kusimulia. Mwimbaji anaeleza shida yake: mpenzi aliyemwacha, ndugu aliyemdhulumu, safari isiyo na nauli ya kurudia, na matarumbeta yanamjibu mwisho wa kila ubeti kama wazee wanaoitikia kwenye kikao. Wachezaji wanashikana, wanakwenda polepole, wanasikiliza maneno. Ndipo inakuja sehemu ya pili, ambayo wanamuziki huiita chemko. Mwimbaji ananyamaza au anabaki na maneno mawili matatu ya kurudia, solo inapanda juu, tumba inaongeza mwendo, na wale walioshikana wanaachiana.

Ukitaka kuelewa klabu, sikiliza magitaa kwenye chemko hilo. Kuna ridhimu, inayoshikilia mwendo uleule bila kuyumba, dakika nzima, dakika mbili, bila kupokea sifa yoyote. Kuna solo, inayotamba juu. Na kati yao kuna gitaa la tatu, solo la pili, ambalo halifuati ridhimu wala halishindani na solo. Linatafuta nafasi zilizo wazi na kutia noti mbili tatu humo, kisha linatoka. Hakuna hata moja kati ya magitaa hayo linalosikika vizuri likiwa peke yake. Lichomoe moja, na wimbo unapwaya. Sijui njia bora zaidi ya kusikia kwa sikio maana ya watu kukubaliana.

Kila klabu ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na jina la mtindo lilibishaniwa kama goli. Western Jazz walikuwa na Saboso. Morogoro Jazz walikuwa na Sululu. Tabora Jazz walikuja na Segere Matata. Mgeni angeweza kusema zote ni rumba. Mpenzi wa Saboso hangekubali kamwe, na kwa kweli alikuwa na haki, kwa maana tumba za Western hazikupigwa kama za Morogoro na mwenye sikio alizitambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Klabu ilikuwa pia shule, tena kwa vijana ambao hakuna shule nyingine ya muziki iliyowafungulia mlango. Michael Enoch alijiunga na Dar es Salaam Jazz mwaka 1960 akiwa kijana. Humo alishika gitaa la solo mpaka jina la King Michael likamkaa, na baadaye akawa kiongozi wa bendi. Hakuishia kwenye gitaa. Alijua tarumbeta, alijua saksafoni, ile domo la bata, alijua kinanda, na kizazi kilichofuata cha wapigaji kilimwita Ticha kwa sababu kilifundishwa naye. Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Kijana alianza kwa kubeba vyombo. Akaruhusiwa kugonga manyanga, akapewa tumba usiku ambao mwenyewe anaumwa, na siku moja akashika ridhimu. Tanga ilitoa mfano mwingine wenye matunda yaliyofika mbali: Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walipikwa katika Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha kuanzisha Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakahamia Mombasa. Huko bendi yao ikawa Simba Wanyika, na Kenya ikapata ukoo mzima wa bendi za Wanyika kutokana na klabu moja ya Tanga.

Wanawake walikuwa nusu ya ukumbi, lakini jukwaani walikuwa wachache mno. Katikati ya miaka ya 1960 iliundwa Women Jazz, bendi ya wanawake pekee iliyopiga magitaa, ngoma na matarumbeta, ikafika hadi Kenya. Haikudumu, na klabu za wanaume hazikufungua milango baada ya hapo. Ni upungufu wa kweli wa klabu hizo na haufai kufunikwa kwa kuwa tunazipenda.

Sauti zao zilitufikiaje? Kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa santuri. Mombasa kulikuwa na duka la Assanand, lililotoa sahani kwa nembo ya Mzuri na kumrekodi SAY na wenzake. Nairobi kulikuwa na kampuni kubwa zenye studio na mitambo. Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha santuri kilichosimama kikafanya kazi, kwa hiyo bendi ilisafiri. Fikiria klabu ya mji mdogo inavyochanga nauli ya watu kumi na vyombo vyao kwenda Nairobi kurekodi nyimbo chache, kila moja ikitakiwa kuenea kwenye upande mmoja wa sahani ndogo. Ndiyo maana chemko kwenye santuri za zamani hukatika ghafla wakati mguu ndio umeanza kukolea. Ukumbini lilikwenda robo saa.

Njia ya pili ilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na kufikia 1965 ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD ilikuwa na studio Barabara ya Pugu, ambako bendi ziliingia, zikajipanga mbele ya vipaza sauti vichache na kupiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Malipo yalikuwa madogo. Lakini utepe ulibaki kwenye maktaba ya redio, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na njia ya kwenda Nairobi ikazibwa, studio ile ikawa karibu mahali pekee ambapo muziki wa Tanzania ulihifadhiwa.

Sasa nifike kwenye mabadiliko, kwa kuwa yalianza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1964 serikali ilivunja shirikisho la zamani la vyama vya wafanyakazi na kuunda chama kimoja, NUTA. Mwaka huohuo NUTA ikaunda bendi, NUTA Jazz, na kuwachukua wapigaji kutoka klabu zilizokuwapo. Gurumo alikwenda. Kwa nini asiende? NUTA ilitoa mshahara wa kila mwezi, vyombo vipya vya umeme na gari la kusafiria. Klabu ilitoa mgawo wa kiingilio, mvua ikinyesha hakuna mgawo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mlango ukafunguka wote. Polisi walikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz mwaka 1970, na mtindo wake Chakachua. Umoja wa Vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz mwaka 1971. Mwaka 1974 likaundwa Baraza la Muziki la Taifa, BAMUTA, kusimamia yote.

Nasema bila kusita kwamba muziki uliotoka kwenye bendi hizo za mashirika ni miongoni mwa muziki bora uliowahi kupigwa Afrika Mashariki. NUTA Jazz, iliyokuja kuwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, ilifikia kiwango ambacho klabu za michango zisingeweza kukifikia. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi na baadaye kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ilikuwa na matarumbeta matatu manne yaliyopangwa kwa ustadi wa Michael Enoch. Sikinde, kama Mlimani Park ilivyoitwa na wapenzi wake, na Msondo ziligawa jiji kama Simba na Yanga. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema ingekuwa bora mambo hayo yasitokee.

Ila vyombo sasa vilikuwa vya shirika. Aliyekupa gitaa anaweza kulichukua. Mpigaji aliyegombana na uongozi hakuwa na mkutano mkuu wa wanachama wa kwenda kujieleza, alikuwa na barua ya kuachishwa kazi. Bendi ikawa mahali pa ajira, na ajira huhamwa. Mwaka 1978 Mlimani Park ilichukua wapigaji wa JUWATA, akiwamo Gurumo. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alimchukua Gurumo na wenzake kadhaa kutoka Mlimani Park kuunda upya Orchestra Safari Sound. Kila mara bendi iliyoachwa ilitafuta wengine, na mashabiki walishangilia uhamisho kama wa mpira. Mashabiki, narudia. Neno mwanachama lilikuwa limekwisha kutoweka. Na mashirika ya umma yalipoanza kufilisika na kubinafsishwa, bendi zake zilikufa nayo, moja baada ya nyingine, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwenye daftari wala ada wala nyumba ya mazoezi wa kuzipokea.

Klabu zenyewe zilikwisha mapema zaidi. Morogoro ni ushahidi wenye uchungu. SAY alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, akiwa na umri wa miaka 37. Cuban Marimba haikufa naye. Juma Kilaza aliichukua na kuiendesha kwa miaka mingi, na hilo ndilo linaloonyesha klabu ilikuwa kitu gani: mwanzilishi anazikwa, Jumamosi inayofuata kuna mtu wa kushika nafasi. Morogoro Jazz ilipaa na Mbaraka, ambaye mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa wanamuziki waliokwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 aliondoka kuanzisha bendi yake, Super Volcano. Morogoro Jazz haikupata tena sauti iliyokuwa nayo. Mbaraka naye alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Wengi wa wanaoimba nyimbo zake leo walikuwa hawajazaliwa.

Gurumo aliishi. Aliimba kwa zaidi ya miaka 50, akastaafu mwaka 2013. Mwaka huo ilijulikana kwamba mzee huyo, aliyejaza kumbi za nchi nzima tangu miaka ya 1960, hakuwa na gari, na Diamond Platnumz, kijana wa Bongo Fleva, akamzawadia moja. Lilikuwa tendo jema la kijana kwa mzee na linastahili heshima yake. Gurumo alifariki Aprili 2014. Mtu aliyetumikia chama cha wafanyakazi cha taifa kwa miaka mingi alihitaji ukarimu wa mtu binafsi uzeeni. Klabu ya mwaka 1959 isingempa gari. Ingempa watu waliochanga kwa ajili yake kila mwezi, na jina lake lingekuwa kwenye daftari.

Daftari hizo ziko wapi? Hilo ndilo linalonikosesha raha. Kanda za RTD zimesalimika kwa sehemu kubwa na sasa zimo mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, TBC, na baadhi ya sahani za SAY zilitolewa upya Ulaya mwaka 2000 katika mkusanyiko uitwao Ngoma Iko Huku, ambao Mtanzania wa kawaida hajauona dukani. Muziki umebaki kwa bahati. Vitu vya klabu zenyewe, yaani kadi za uanachama, daftari za mihutasari, picha za sare, stakabadhi za magitaa, matangazo ya dansi yaliyobandikwa ukutani, kwa kadiri nijuavyo havikuwahi kukusanywa na taasisi yoyote kwa mpango. Vilibaki kwenye masanduku ya makatibu na waweka hazina. Makatibu hao wengi wamekwisha kufariki, na wajukuu wanapohama nyumba masanduku hutupwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji wa Morogoro, Tanga, Tabora, Kigoma, Kilwa na Dar es Salaam. Kama babu au bibi yako alikuwa mwanachama wa klabu ya jazz, au alishona sare zao, au alikaa mlangoni na sanduku la kiingilio, fungua kasha lake wiki hii. Usitupe karatasi hata moja. Andika nyuma ya kila picha majina ya unaowatambua, na kama kuna mzee aliye hai anayeweza kukutajia waliobaki, mfuate kesho na simu yenye nafasi ya kurekodi. Kisha peleka nakala kwenye ofisi ya Nyaraka za Taifa, Makumbusho ya Taifa au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ubaki na vitu vyako halisi nyumbani. Nao TBC na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, waweke mahali pa wazi pa kupokelea vitu hivyo, wakiwataja wenye navyo kwa majina. Waliozaliwa mwaka ambao Western Jazz ilianzishwa wamepita miaka 60, na waliowasikia wakipiga pale Arnautoglu wanazidi kupungua.